Uzi: Mfumo uliandika "Imehifadhiwa" huku kilo 456 za zabibu zikiyeyuka. Tuongee makosa na logi

#1 Mla Zabibu

Mbukwenyi wakuu,

Uzi huu ni wa aibu yangu mwenyewe. Wa kucheka acheke, ila asome hadi chini, maana huenda msimbo wake una ugonjwa huuhuu.

Mwaka jana nilitengeneza mfumo wa kupokea zabibu kwa chama kimoja cha wakulima huku vijijini, nje kidogo ya Dodoma mjini. Kazi yake nyepesi. Mkulima analeta kreti, karani anapima, anaandika kilo kwenye simu, mfumo unatunza, siku ya malipo tunachapa orodha. Laravel 5.8 (kiunzi cha lugha ya PHP), databesi ya MySQL, seva ya kukodi yenye diski ya GB 20, basi.

Msimu huu wa Agosti mzee mmoja akafika ofisini na kauntabuku yake kwapani. Humo kaandika kila alipopeleka mzigo: tarehe, saa, kreti ngapi, kilo ngapi, karani gani alipima. Mara 11. Mfumo wangu unasema mara 7. Karani anaapa kwamba aliingiza zote, na kila mara kioo cha simu kilimwandikia "Imehifadhiwa" kwa kijani. Watu wakaanza kumwangalia karani kwa jicho la pembeni. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kijana wa watu anaitwa mwizi kimyakimya na mimi nimekaa pale na laptopu yangu sisemi neno.

Nikafungua storage/logs/laravel.log, ndiyo logi, faili ambamo mfumo huandika makosa yake. Nyeupe pee. Hakuna kosa hata moja tangu msimu uanze. Nikajisifu kidogo, kisha nikafungua msimbo wangu:

try {
    $upimaji->save();
} catch (\Exception $e) {
}
return back()->with('ujumbe', 'Imehifadhiwa');

Hebu angalieni hayo mabano. Ndani ya catch, mahali pa kulikamata kosa, hamna kitu. Databesi ikikataa, msimbo unameza kosa, unafuta mdomo, unamwambia karani mambo safi.

Kwa nini niliandika hivyo? Siku ya kwanza ya kuonyesha mfumo, mwenyekiti aliona maandishi mekundu, akaniambia, "Kijana, haya mekundu yatawatia wakulima wangu wasiwasi." Nikamjibu sawa mzee. Nikayanyamazisha.

Naendelea chini kwa sababu kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

#2 Fundi wa Nkuhungu

Mficha maradhi kifo humuumbua. Endelea mkuu, nimevuta kigoda.

#3 kijana_Iyumbu

Mimi niko mwaka wa tatu hapa, na projekti yangu ina hizo catch tupu kama nane hivi. Nimetoka jasho. Endelea kaka.

#4 Mla Zabibu

Naendelea.

Nikaiondoa ile try na catch yake, sawa. Lakini nilitaka kuliona kosa palepale, na mkutano wa chama ulikuwa saa kumi jioni. Nikaingia kwenye seva, nikaweka APP_DEBUG=true (onyesha kosa lote kwenye kioo) kwenye .env, faili la mipangilio. Hakuna kilichobadilika. Nikakumbuka kwamba mpangilio niliugandisha kwa config:cache, kwa hiyo .env haisomwi kabisa. Nikapiga config:clear. Nikampigia karani: ingiza tena ule mzigo wa kilo 108.5.

Akaingiza. Likatokea:

SQLSTATE[22003]: Numeric value out of range: 1264 Out of range value for column 'kilo' at row 1

Wanaojua MySQL wameshacheka. Safu ya kilo niliiweka DECIMAL(4,2), yaani tarakimu nne, mbili zikiwa baada ya nukta. Kikomo chake ni 99.99. Nilipokuwa najaribu nyumbani nilikuwa napima kreti moja moja akilini mwangu, kilo 25, kilo 27. Huko shambani karani anapandisha kreti nne kwa mpigo kwenye mizani ya chini. Mizigo minne ya mzee iliyopotea ni 108.5, 112, 131 na 104.5. Yote imevuka mia. Kauntabuku ilikuwa imeniandikia jibu, mimi sikujua kuisoma.

Sasa aibu ya pili. Ule ukurasa wa makosa wa Laravel ya zamani hauishii kwenye kosa. Ukishuka chini unakuta orodha ya mipangilio yote ya .env: jina la databesi, nywila ya databesi, ufunguo wa huduma ya SMS, kila kitu. Karani naye, maskini, alipoona hatimaye kuna ushahidi kwamba si yeye, akashuka ukurasa mzima akipiga picha za kioo, akazirusha kwenye kundi la WhatsApp la chama. Watu mia na arobaini. "Nilisema mimi siibi," kaandika chini yake.

Sikuweza hata kumkasirikia.

#5 Dada wa Dawati

Uwiiii. Hapo kwa karani nimecheka halafu nikamwonea huruma. Mwambieni tunampa pole.

#6 Fundi wa Nkuhungu

Mla Zabibu, asante kwa kuvua shati mbele za watu. Niseme machache kabla watu hawajaondoka na somo lisilo sahihi.

APP_DEBUG haihusiki na kuandika logi. Inahusika na kinachotokea kwenye kioo cha mtumiaji tu. Ungeiacha false, ukaondoa ile catch yako, karani angeona ukurasa wa 500 (seva imekwama) usio na siri yoyote, na lile kosa la 1264 lingeandikwa lote ndani ya laravel.log pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Usingehitaji kumpigia karani. Nimekuta vijana wengi wanaamini debug ikizimwa hata logi inazimika, ndiyo maana wanaogopa kuizima.

Kosa lina milango miwili. Mmoja unaelekea kwa fundi, na hapo kila kitu kipite. Mwingine unaelekea kwa mteja, na hapo ipite sentensi moja ya adabu. Kwenye Laravel yako milango hiyo iko ndani ya app/Exceptions/Handler.php, imeandikwa waziwazi report (wa fundi) na render (wa mteja). Kuanzia Laravel 11 mambo hayo yamehamia bootstrap/app.php, ila wazo ni lilelile.

Catch iandike pale tu ambapo una la kufanya kuhusu hilo kosa: kujaribu tena, kutumia njia nyingine, kumrudishia mtu fomu yake na alichoandika. Kama huna la kufanya, liache lipande juu hadi kwa Handler. Nalo jingine, \Exception haikamati kila kitu tangu PHP 7. Ukiita fanksheni kwenye null (kitu kisichokuwepo), hiyo ni Error, inapita pembeni. Ukitaka vyote andika \Throwable.

Halafu nywila ile ulibadilisha?

#7 Mla Zabibu

Dakika hiyohiyo. Nywila ya databesi, ufunguo wa SMS, vyote. APP_KEY, ule ufunguo wa kufunga siri za mfumo, nilisita kwanza.

#8 Fundi wa Nkuhungu

Ulifanya vizuri kusita. Ukibadilisha APP_KEY watu wote wanatolewa nje na wanaingia upya, hiyo si shida. Shida ni kama kuna data umeifunga kwa encrypt kwenye databesi, hutaifungua tena kwa ufunguo mpya. Ifungue kwanza kwa ule wa zamani, uifunge upya, ndipo uutupe.

Na usidhani matoleo yaliyofuata yalikuwa salama kwa kuwa ukurasa ni mzuri zaidi. Ignition, ule ukurasa wa makosa uliokuja baadaye, mwaka 2021 ulikutwa na tundu la usalama, namba yake CVE-2021-3129, mtu wa nje aliweza kuendesha amri zake kwenye seva yako ilimradi umeacha debug wazi. Roboti huwa zinazunguka mtandaoni usiku kucha zikitafuta watu wa namna hiyo. Wala hazijui kama wewe ni chama cha zabibu au benki.

#9 Mtu wa Kibaigwa

Swali la asiyetumia Laravel. Mimi nina PHP tupu, mfumo mdogo wa magunia ya mahindi sokoni. Makosa yanatoka juu ya ukurasa, "Warning" sijui nini, wateja wanaona. Nimekuwa naweka alama ya @ mbele ya kila mstari unaosumbua.

#10 Fundi wa Nkuhungu

Mkuu ondoa hizo @ zote leo. Ni catch tupu ya kaka yetu hapo juu, imevaa kanzu fupi.

Fungua php.ini, faili la mipangilio ya PHP. display_errors = Off, log_errors = On, error_reporting = E_ALL, na error_log uipe njia ya faili lililo nje ya folda ya tovuti. Hilo la mwisho watu hulisahau, logi inakaa ndani ya public_html, mtu anaandika anwani yake kwenye kivinjari anaisoma yote kama gazeti. PHP huja na mfano uitwao php.ini-production ambao tayari umezima display_errors. Ila kama seva haina php.ini kabisa, PHP kwa asili yake inaonyesha makosa kwenye kioo. Ukimaliza, washa upya php-fpm au Apache, ile inayoendesha PHP yako, vinginevyo utakaa unasema haifanyi kazi.

#11 Mtu wa Kibaigwa

Shukrani kiongozi. Nimefanya, faili lina mistari 4,000 tangu nimeanza kunywa chai.

#12 Fundi wa Nkuhungu

Ndiyo magonjwa uliyokuwa unayafunika na @. Yapange, uanze na linalojirudia zaidi. Mara nyingi 3,900 ni mstari mmoja tu.

#13 Dada wa Dawati

Naomba na mimi niseme, mimi si mwandika msimbo. Niko ofisi moja huku Mtumba, kazi yangu kupokea simu za watu ambao mfumo umewagomea. Nyie mnabishana kuhusu faili, mimi nabishana na mama aliye Kondoa, yuko dukani kwa mtu, bando linaisha, na kioo kimemwandikia Kiingereza kirefu.

Mteja akipiga namuuliza, umeona nini? Ananijibu, "imeandika kosa." Kosa gani mama? "Kosa tu." Hapo nifanye nini? Nawapelekea mafundi, nao wananiuliza saa ngapi. Namuuliza mama, ananijibu saa nane. Fundi anatafuta saa 8, hakuna kitu, anarudi kusema mteja kakosea.

Nachoomba: ujumbe uwe Kiswahili, useme kama alichofanya kimeingia au hakijaingia (hicho ndicho kitu pekee anachotaka kujua!), na uwe na namba fupi anisomee.

#14 Mla Zabibu

Dada hapo umenipa nondo. Baada ya yale majanga, hivi ndivyo nilivyofanya:

} catch (\Throwable $e) {
    $tukio = $this->nambaYaTukio();
    Log::error('Uzito haukuhifadhiwa', [
        'tukio' => $tukio,
        'mkulima' => $mkulima->id,
        'karani' => auth()->id(),
        'kilo' => $kilo,
        'exception' => $e,
    ]);
    return back()->withInput()->with('kosa',
        "Uzito HAUJAHIFADHIWA. Andika kwenye daftari, kisha piga simu utaje namba $tukio");
}

Na ndiyo, imerudi nyekundu. Mwenyekiti nilimweleza, akakubali.

Ile withInput ni muhimu. Bila hiyo karani anapoteza alichoandika na mkulima ameshashusha kreti.

Namba ya tukio ni herufi na tarakimu tano, nimeondoa O na 0, I na 1, kwa sababu kwenye simu hazitofautiani. Karani ananisomea "K kama Kondoa, M kama Mpwapwa, saba, P kama papai, mbili." Natafuta K-M-7-P-2 kwa grep (amri ya kutafuta neno ndani ya faili), sekunde moja nimefika. Zamani nilikuwa nauliza maswali nusu saa.

#15 kijana_Iyumbu

Kaka hilo la saa nane limenichanganya, mbona fundi hakuipata?

#16 Fundi wa Nkuhungu

Kwa sababu kuna hesabu tatu tofauti za saa hapo. Mama akisema saa nane mchana, saa ya ukutani kwa tarakimu za kompyuta ni 14:00. Logi ya Laravel kwa asili yake imewekwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko UTC+3, kwa hiyo ndani ya faili ni 11:00. Mama anasema nane, saa ya kompyuta ya fundi inasema kumi na nne, logi inasema kumi na moja. Fundi aliyezaliwa hapahapa, akizungumza Kiswahili siku nzima, bado anatafuta 08:00. Nimeyaona kwa macho yangu.

Mimi kwa mfumo unaotumiwa hapa nchini tu naweka 'Africa/Dar_es_Salaam' kwenye config/app.php, na muundo wa saa ndani ya logi uwe na +03:00 mwishoni ili asiwepo wa kubahatisha.

#17 Mzee wa Mistari

Hapo sikubaliani na wewe Fundi. Seva zote UTC, databesi UTC, logi UTC, saa ya hapa ionekane kwenye kioo cha mtumiaji tu. Siku ukiongeza huduma ya pili inayotumia UTC, unakaa unajumlisha tatu kila mstari. Tanzania hatubadilishi saa kiangazi na masika kama Ulaya, lakini si wote unaoongea nao wako Tanzania.

#18 Fundi wa Nkuhungu

Mzee wangu, shikamoo. Wewe una huduma kumi, huyu ana chama cha zabibu na karani mmoja. Anayeamka usiku kusoma logi ni binadamu mwenye usingizi.

#19 Mzee wa Mistari

Marahaba. Mwenye usingizi ndiye atakayejumlisha vibaya, na mimi bado UTC.

#20 Mla Zabibu

Wazee wangu nimewasikia wote. Ila hiyo UTC ilinichapa kwa namna nyingine kabisa, acha niseme.

Baada ya kuona faili moja la logi linakua tu, nikahamia chaneli ya daily, kila siku faili lake, na Laravel inatunza siku 14 yenyewe. Vizuri. Ghafla mfumo ukawa unakufa kila siku saa tisa usiku, na hauamki hadi niingie mimi. Saa tisa kamili, sio saa sita. Nikawaza umeme, nikawaza kampuni ya seva, nikawaza hata wachawi.

Kumbe kroni ya ratiba, ile schedule:run inayoendesha kazi kwa saa zake, niliiweka kwenye akaunti ya root, mkuu wa seva. UTC ikigonga 00:00, huku kwetu ni saa tisa usiku, siku mpya inaanza, na wa kwanza kuandika kwenye faili jipya ni kroni. Faili linazaliwa likiwa mali ya root. Tovuti inayoendeshwa na www-data ikitaka kuandika, Permission denied. Na hapo ndipo penye kichekesho: kosa dogo kabisa likitokea, mfumo unajaribu kuliandika, unashindwa kuandika, kule kushindwa kunakuwa kosa kubwa, ukurasa mzima unaanguka. Kama zima moto kuungua lenyewe likienda kuzima.

Dawa ni mstari mmoja: kroni hiyo iwekwe kwenye akaunti ya www-data, crontab -u www-data -e. Faili lililokwisha haribika, badilisha mmiliki wake kwa chown.

#21 Dada wa Dawati

Sijaelewa hata neno ila zima moto nimeielewa.

#22 Mtu wa Kibaigwa

Mkuu na diski? Ulisema GB 20. Mimi nina 10.

#23 Mla Zabibu

Ya diski yalinikuta kabla ya daily. Baada ya aibu ya kwanza nikaruka upande wa pili, nikaandika kila kitu kwenye logi. Kila ombi, kila fomu, ngazi ya debug. Nilidhani ndio umakini.

Kisha salio la SMS likaisha. Mfumo unatuma SMS kwa mkulima baada ya kupimwa, kazi hiyo inapita kwenye foleni ya queue:work. Sikuweka kikomo cha kujaribu. Ikashindwa, ikajaribu tena, ikashindwa, mara kadhaa kwa sekunde, na kila ikishindwa inaandika mlolongo mzima wa mafaili na namba za mistari. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi diski 100%, MySQL haiwezi kuandika, hakuna anayeweza hata kuingia kwenye mfumo.

Nikaifuta laravel.log kwa rm. Nikapima diski kwa df -h: bado 100%. Nikafuta tena, faili halipo, diski imejaa. Hapo ndipo nilipompigia Fundi.

#24 Fundi wa Nkuhungu

Saa kumi na moja alfajiri alinipigia huyu.

Kwa faida ya wengine: kwenye Linux ukifuta faili ambalo kuna programu bado imelishika, jina linaondoka ila nafasi hairudi hadi programu hiyo iachie. Kurasa za kawaida za PHP zinaliachia ombi likiisha. Ila queue:work inaishi masaa na masaa, imelikumbatia. Piga lsof +L1, utaona mafaili yaliyofutwa ambayo bado yameshikwa na nani. Washa upya huyo mshikaji, kwake ilikuwa supervisorctl restart all, GB nane zikarudi kwa mpigo. Siku nyingine usifute, punguza hadi sifuri: truncate -s 0 laravel.log.

Na queue:work iwe na --tries=3. Kazi iliyoshindwa mara tatu iende kwenye jedwali la failed_jobs ikapumzike huko.

Kwa mafaili ya logi ya nginx (programu inayopokea maombi ya tovuti), Ubuntu na Debian tayari wanakuwekea logrotate, yanazungushwa kila siku, yaani jipya linaanza na la zamani linawekwa kando, na yanatunzwa 14. Ukiandika logi lako mwenyewe pembeni, logrotate hailijui hadi uiambie, kwenye /etc/logrotate.d.

#25 Mzee wa Mistari

Hilo la "kila fomu" limepita haraka mno. Kila fomu ina maana na fomu ya kuingilia. Nywila za watu zilikuwa ndani?

#26 Mla Zabibu

...Ndiyo mzee. Nywila, namba za simu, na namba za NIDA za wakulima wote waliosajiliwa wiki hizo.

#27 Mzee wa Mistari

Asante kwa kusema kweli. Hujafanya peke yako. Mei 2018 Twitter waliwaomba watumiaji wao zaidi ya milioni 300 wabadilishe nywila, kwa sababu waligundua zilikuwa zinaandikwa waziwazi kwenye logi ya ndani kabla hazijafungwa. Databesi yao ilikuwa safi. Logi ndiyo iliyobeba siri.

Hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wengi wanadhani inahusu databesi. Taarifa ya mtu ni taarifa ya mtu hata ikiwa ndani ya faili la maandishi ulilolisahau. Tena lenyewe ndilo tunalowatumia marafiki WhatsApp tukiomba msaada, "mkuu hebu niangalizie hili kosa."

#28 kijana_Iyumbu

Kwenye projekti yangu NIDA naziba kwa kuacha tarakimu nane za mwanzo, nyingine nyota. Inatosha?

#29 Mzee wa Mistari

Kijana, zile nane za mwanzo ni nini?

#30 kijana_Iyumbu

Aisee. Tarehe ya kuzaliwa.

#31 Mzee wa Mistari

Ndiyo. Mwaka, mwezi, siku. Umeziba mkia ukaacha uso. Namba nzima ina tarakimu 20. Ukilazimika, acha nne za mwisho. Bora zaidi usiiandike kabisa, andika kitambulisho cha mkulima cha ndani ya mfumo wako, kile 'id'. Wewe utamjua, mwizi wa faili hatamjua. Nywila na PIN haziandikwi hata kwa nyota.

#32 Mtu wa Kibaigwa

Wazee, hizi ngazi za logi zipo ngapi? Mimi kila kitu naandika error.

#33 Fundi wa Nkuhungu

Nane, kuanzia debug hadi emergency. Zimo kwenye RFC 5424, waraka wa kanuni za logi wa 2009, na Laravel inazitumia hivyohivyo. Kusema kweli mimi natumia nne tu. debug kwenye laptopu yangu, haifiki hewani. info kwa jambo la kawaida linalohusu pesa au mzigo: fulani kapima, fulani kalipwa. warning kwa kitu kilichogoma kisha kikakubali. error kwa kitu ambacho mteja amekikosa. Hizo nyingine wenye mitambo mikubwa watajua wanazifanyia nini.

Kipimo changu cha error: je, ningependa kuamshwa? Kama sipendi, si error. Kuna bwana mmoja alijiwekea kila error imfikie Telegram. Mteja akikosea nywila, Telegram. Roboti ikitafuta wp-login.php ambayo haipo, Telegram. Wiki ya pili akanyamazisha kundi, na wiki ya tatu ndipo databesi ilipoanguka.

#34 Dada wa Dawati

Mla Zabibu, mzee na zabibu zake je? Umetuacha njiani.

#35 Mla Zabibu

Samahani dada, nilikuwa njiani kweli, nimerudi jioni hii.

Kwanza nilibadilisha safu kuwa DECIMAL(8,2). Sekunde tatu za kazi. Nikaongeza na ukaguzi kwenye fomu ili kilo 10,850 zilizokosewa nukta zisipite. (Kuna mtu ataniuliza mbona nisingezima tu ule ukali wa MySQL. Ningeuzima, isingekataa, ingekata na kuandika 99.99 kila mahali, na hapo hata kauntabuku isingeniokoa mapema.)

Kisha ikabidi kutafuta wakulima wengine, maana hawakuwa na madaftari wote. laravel.log haikuwa na kitu. Lakini nginx ilikuwa nacho: access.log haihifadhi alichoandika mtu, ila inahifadhi kwamba saa fulani kuna POST, yaani fomu iliyotumwa, ilikuja kwenye /upimaji. Nikachukua kila POST, nikalinganisha na saa za rekodi kwenye databesi. POST isiyo na rekodi ni mzigo uliomezwa. Nikapata 23 ndani ya siku 14. Za kabla ya hapo zilishazungushwa na logrotate, zimeondoka, huko tumetegemea madaftari na kumbukumbu ya karani, ambaye namshukuru hakunirushia jiwe.

Jana nimekwenda na orodha iliyochapwa. Mistari ya POST upande mmoja, saa nimezigeuza kuwa za Kiswahili, daftari upande wa pili. Ya mzee ilikuwa: logi 04:41, daftari "saa 1.40 asbh, kreti 4, k 108½". Dakika moja tofauti. Zote nne zimerudi, kilo 456, zinaingia malipo ya mwezi huu. Mbele ya wote mwenyekiti akamwita karani jina, akamwomba radhi. Na mimi nikaomba.

Mzee akaniuliza kumbe na hiyo mashine ina daftari lake? Nikamwambia ndiyo, ila la kwangu linatupwa baada ya wiki mbili. Akaangalia kauntabuku yake, ina mizigo tangu 2019.

Sasa hivi naweka siku 120 kwa chaneli ya upimaji peke yake, bila majina, msimu mzima na mwezi wa malipo juu yake. Karani naye nimemwachia daftari la ofisini, anaandika humo kwanza, kisha simu.

#36 Mtu wa Kibaigwa

Safi sana. Halafu mkuu, ile kupata POST zisizo na rekodi ulitumia amri gani? Na mimi nina magunia ya kutafuta.

#37 Mla Zabibu

grep 'POST /upimaji' access.log, na zile zilizobanwa za .gz tumia zgrep. Nyingine nilifanya kwa jedwali la Excel na macho. Njoo inbox, nitakutumia.

#38 Mzee wa Mistari

Umtumie amri. Sio faili la logi.